Namba 82 kambini Barafu: pumzi ya mlimani inavyofanya kazi

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Pasua, Moshi. Safari iliyopita tulipofika kambi ya Barafu, mwongozaji alipomaliza kuwapima wageni kwa kile kimashine cha kidoleni nikamwomba anipime na mimi. Ikasoma 82. Dada yangu ni muuguzi, ananiambia mgonjwa mwenye 82 wodini anawekewa oksijeni hapo hapo. Mbona mimi nilikuwa nimetoka kubeba maji kambi ya Karanga na sikuanguka? Usiku nao niliogopa. Mwenzangu hemani alikuwa anahema haraka haraka, kisha kimya kabisa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kubwa. Nilimwamsha mara nyingi. Wapo wanaosema kule juu oksijeni imeisha. Wengine wanasema sisi tuliozaliwa Kibosho tuna mapafu ya mlima, hatuna cha kuogopa. Lipi la kweli? Halafu tangu tushuke nina kikohozi kikavu, hii ni wiki ya tatu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba uliomba kupimwa. Wapagazi wengi hawaombi, na wengi hawaulizwi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ukielewa pumzi inavyofanya kazi hutahitaji kukariri masharti ya mlimani, utayaona mwenyewe.

Oksijeni haijaisha. Hewa unayovuta stendi ya Moshi, hewa ya Dar es Salaam ufukweni na hewa ya kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 ina mchanganyiko ule ule: karibu 21 kwa mia ni oksijeni, 78 kwa mia ni naitrojeni, na kilichobaki ni gesi nyingine kidogo kidogo. Kinachopungua ukipanda ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na hewa ya chini imelaliwa na hewa yote iliyo juu yake. Pwani mgandamizo huo ni kama milimita 760 za zebaki. Moshi mjini umepungua kidogo tu, bado una kama sehemu tisa katika kumi za ule wa pwani. Barafu ni zaidi kidogo ya nusu, na kileleni ni karibu nusu.

Mgandamizo una maana kubwa kwa sababu ya jinsi hewa inavyoingia kifuani. Watu wengi hudhani mapafu ndiyo yanayovuta. Mapafu hayana msuli wa kujitanua. Kazi hiyo hufanywa na msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ule ambao vitabu vya shule huuita kiwambo, ukisaidiwa na misuli ya katikati ya mbavu. Kiwambo kikikaza hushuka, mbavu huinuka na kutanuka, nafasi ndani ya kifua inakuwa kubwa, na mgandamizo ndani ya mapafu unakuwa mdogo kuliko wa nje. Ni kama unapovuta mpini wa bomba la sindano: hewa inasukumwa ndani na mgandamizo wa nje. Ukitoa pumzi umetulia, misuli hulegea tu na mapafu hujirudi yenyewe kwa unyumbufu wake. Kwa hiyo kule Barafu kifua chako kinatanuka vile vile kama nyumbani na kinajaa vile vile, ila chembe za oksijeni zilizomo katika ujazo huo ni chache.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata waongozaji wazuri hawalijui, nami naliona la muhimu. Pua na koo hupasha joto na kulowanisha kila pumzi kabla haijafika chini. Ikifika kwenye mapafu hewa ina joto la mwili, nyuzi 37, na imeshiba mvuke wa maji. Mvuke huo una mgandamizo wake, milimita 47, na haupungui hata ukipanda juu kiasi gani. Pwani, 47 ukitoa kwenye 760 si kitu. Kileleni, ambako una kama 380 tu, mvuke unachukua hizo hizo 47. Ndiyo maana oksijeni inayoingia mapafuni kule juu ni pungufu hata ya nusu ya ile ya pwani: pwani mgandamizo wake ni karibu 150, kileleni karibu 70.

Sasa fuata pumzi yako ndani. Ikishapita puani, kooni na kwenye zoloto linalotoa sauti, inaingia bomba la hewa lenye mapete ya gegedu unayoweza kuyagusa shingoni. Bomba hilo linagawanyika mawili, moja kwa kila pafu, kisha yanaendelea kugawanyika mara 20 na zaidi hadi yawe membamba kuliko uzi. Mwisho wake ni vifuko vidogo vya hewa, mamia ya milioni. Ukivikunjua vyote ungepata eneo la kiasi cha mita za mraba 70. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, na upande wa pili wake damu inapita.

Kubadilishana gesi kunafanyika kwenye vifuko hivyo peke yake. Puani, kooni na kwenye mabomba hakuna kinachobadilishwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja, yaani mililita 500, na kati ya hizo kama 150 zinabaki njiani kwenye mabomba, zinatoka bila kuwa na kazi. Piga hesabu hii, maana inahusu miguu yako. Mtu anayetweta pumzi fupi za mililita 250, mara 30 kwa dakika, anapitisha lita 7 na nusu. Anayevuta pumzi za mililita 500 mara 15 naye anapitisha lita 7 na nusu hizo hizo. Lakini wa kwanza anafikisha kwenye vifuko lita 3 tu, wa pili lita 5 na robo. Ukisikia mgeni anaambiwa pole pole kila baada ya hatua kumi, sababu mojawapo ni hii: mwendo wa taratibu unamwachia mtu nafasi ya kuvuta pumzi ndefu inayofika chini. Wewe mwenye mzigo wa kilo 20, ambaye lazima ufike kambini kabla ya mgeni ili hema liwe limesimama, unahitaji pumzi ndefu kuliko yeye. Mkanda wa begi usikaze kifua na tumbo. Kiwambo kikikosa pa kushukia, unalazimika kuhema juu juu.

Tuje kwenye 82 yako. Oksijeni ikipenya ukuta wa kifuko inadakwa na hemoglobini, ile rangi nyekundu ndani ya seli za damu. Kila hemoglobini ina nafasi nne. Kimashine cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye kidole na kukadiria, kati ya nafasi zote, ni ngapi kwa mia zimejazwa. Mtu mwenye afya akiwa Moshi atasoma 95 au zaidi.

Namba hiyo haishuki sawasawa na mgandamizo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Hemoglobini inapenda oksijeni sana pale ilipo nyingi, kwa hiyo mwanzoni unaweza kupunguza oksijeni mapafuni kwa kiasi kikubwa na namba isitikisike. Mgandamizo wa oksijeni kwenye damu ya mtu aliye pwani ni karibu 100, na namba ni 97 au 98. Ukishuka hadi 60, umepoteza sehemu nne katika kumi, na bado namba ni kama 90. Kuanzia hapo mteremko unakuwa mkali: mgandamizo ukifika 40, namba ni 75. Ndiyo maana siku ya kwanza kutoka lango la Machame watu wanaona 94, 93, wanacheka, halafu siku mbili tatu baadaye namba zinaanguka haraka. Hakuna kilichoharibika ghafla. Mmefika tu kwenye sehemu ya mteremko.

Kwa hiyo 82 kwenye mita 4,600 na kitu ni namba ambayo watu wengi wenye afya huipata. Dada yako hakukosea. Akiwa wodini Moshi, hewa inayomzunguka mgonjwa ina oksijeni ya kutosha, na ikiwa damu yake imefikia 82 maana yake kuna kitu mapafuni au kwenye moyo kinazuia: nimonia, pumu iliyobana, maji kwenye mapafu. Namba ni moja, ila kwake imetokana na ugonjwa na kwako imetokana na mwinuko. Wewe mapafu yako yalikuwa yanafanya kazi vizuri kwenye hewa nyepesi, moyo ulikuwa unapiga haraka zaidi kusukuma damu nyingi, na ulikuwa unahema zaidi ya kawaida.

Lakini usiichukue namba hiyo kama ruhusa. Kidole kikiwa baridi mashine inasoma vibaya, na pale Barafu vidole vya nani si baridi? Vilevile ukipimwa umetua mzigo sasa hivi utaona namba ya chini kuliko ukipumzika kwanza. Sababu yake inapendeza kuijua. Mtu akiwa ametulia, kila seli ya damu hukaa karibu na kifuko cha hewa kwa kama robo tatu ya sekunde, na pwani inahitaji robo moja tu ya sekunde kujaza oksijeni. Ukitembea na mzigo, moyo unaenda mbio na seli inapita upesi sana, huku oksijeni ya kule juu ikipenya polepole kwa kuwa ni haba. Seli inaondoka haijajaa. Kaa dakika chache, pasha mikono joto, ndipo upimwe. Na hata hivyo, mwenye 85 anayeumwa kichwa, anayetapika na kuyumba ni mgonjwa zaidi ya mwenye 80 anayekula ugali wake na kupiga soga.

Kuhusu mwenzako anayenyamaza usiku. Hili liliwahi kuwatisha wengi kabla yako, na jibu lake linategemea nani anayetoa amri ya kupumua. Amri inatoka kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, na mchana kutwa ukiwa Moshi amri hiyo haifuati oksijeni kama unavyodhani. Inafuata kaboni dioksaidi, gesi ambayo mwili unaizalisha unapochoma chakula. Ikiongezeka kidogo tu kwenye damu, ubongo unaamuru upumue zaidi hadi itoke. Ukizuia pumzi yako sasa hivi, kile kinachokubana kifuani baada ya muda mfupi ni kaboni dioksaidi iliyojaa. Oksijeni yako bado ni nzuri.

Oksijeni nayo ina walinzi wake. Wako shingoni, pande zote mbili, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kuelekea kichwani, na wengine wako karibu na moyo. Daktari Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kwamba sehemu hizi za mishipa zinashiriki kuongoza kupumua. Walinzi hawa huwa kimya pwani na Moshi. Mgandamizo wa oksijeni kwenye damu ukianguka karibu na 60 (si ile namba ya kidoleni) ndipo wanapopiga kelele.

Sasa weka hao wawili ndani ya hema la Barafu. Walinzi wa shingoni wanaona oksijeni haitoshi, wanaamuru: hema zaidi. Mwenzako anahema zaidi, oksijeni inapanda kidogo, lakini kaboni dioksaidi nayo inatolewa nje kuliko kawaida. Shina la ubongo linaona kaboni dioksaidi imepungua mno, linaamuru: acha. Akiwa macho angeendelea kuhema, maana mtu aliye macho ana mambo mengi yanayomwendesha. Usingizini ni amri hizo tu. Anaacha. Kimya kinapita sekunde kadhaa, oksijeni inashuka, kaboni dioksaidi inajikusanya, walinzi wanapiga kelele tena, anashtuka na kuvuta pumzi kubwa. Kisha mzunguko unaanza upya.

Si kukata roho, na mtu mwenye afya kwenye mwinuko ule hatakufa kwa jambo hilo. Ukiona mzunguko huo peke yake, usimwamshe kila mara, anahitaji usingizi. Mwamshe asubuhi umtazame: anaongea vizuri, anatembea bila kuyumba, anakula? Basi. Kinachoweza kuufanya usiku huo uwe wa hatari ni pombe na dawa za usingizi, kwa sababu zinazilegeza hizo amri zenyewe. Konyagi ya kuondoa baridi kambini naipinga kabisa.

Hali hii hupungua mwili unapozoea. Kuhema sana kunaifanya damu ipungue asidi, na figo zinajibu kwa kutoa bikaboneti, chumvi ya damu inayopunguza asidi, kwenye mkojo, kazi ya siku kadhaa. Ndiyo sababu mojawapo ya kukojoa sana kule kambi ya Shira. Damu ikishasawazishwa, shina la ubongo linaacha kuzuia, na mtu anaweza kuhema vya kutosha usiku kucha. Dawa ya Diamox ambayo wageni hunywa inafanya kazi kwa kuzisukuma figo zifanye hivyo mapema. Usiombe kidonge cha mgeni. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme kwanza. Seli nyekundu za damu nazo huongezeka, ila hilo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo safari ya siku sita au saba hainufaiki nalo sana. Kinachowabeba ni pumzi na figo. Njia ya Machame inayowapandisha hadi Mnara wa Lava kisha kuwashusha kulala Barranco inasaidia mno kwa sababu hiyo hiyo: mwili unaonjeshwa hewa nyepesi mchana, kisha unapewa usiku wenye nafuu.

Mapafu ya Kibosho? Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ni imani inayoua. Wapo watu duniani ambao miili yao imebadilika kwa kuishi juu vizazi na vizazi: Watibeti, watu wa milima ya Andes, baadhi ya jamii za nyanda za juu za Ethiopia. Vijiji vyao viko kwenye mita 3,500 na hata 4,000. Vijiji vyetu vya migombani viko chini sana ya hapo, ambako hemoglobini bado inajaa karibu yote. Kuzaliwa Kibosho kunakupa miguu ya kupanda na kuijua baridi, si zaidi. Hata mazoea unayoyapata safarini hayadumu. Ukikaa chini wiki chache yanapotea. Mpagazi anayepumzika masika yote kisha akapanda Juni anaanza upya kama mgeni aliyeshuka uwanja wa KIA jana. Na nguvu za mwili hazikukingi. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakishushwa kwa machela kwa sababu walikwenda mbio.

Sasa dalili ambazo hazina mjadala. Mapafu yana tabia yao: sehemu isiyo na oksijeni ya kutosha, mishipa ya damu ya hapo hujikaza ili damu iende penye hewa nzuri. Chini hiyo ni akili nzuri ya mwili, kwa mfano unapokuwa na nimonia upande mmoja. Mlimani hewa yote ni haba, kwa hiyo mishipa inajikaza kila mahali, lakini si kwa usawa. Mgandamizo wa damu ndani ya mapafu unapanda, na pale ambapo mishipa haikujikaza damu inasukumwa kwa nguvu hadi maji yanavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mtu wa namna hiyo anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Anachoka kupita wenzake, anakohoa, kifua kinatoa sauti ya mchakacho, baadaye anatoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, midomo inageuka rangi. Huyo anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni mvua, na akipewa oksijeni apewe huku anashuka. Anayeyumba kama mlevi, kuongea ovyo au kusinzia kupita kiasi, ubongo wake umevimba. Naye ni hivyo hivyo. Msisubiri kupambazuke.

Nalisema hili kwako wewe mpagazi kwa sababu najua mnavyoficha. Mtu anaogopa kukosa siku zake za malipo au kuachwa safari ijayo. Kumwambia mwongozaji mapema kwamba mwenzako hapumui vizuri ni sehemu ya kazi yako sawa na kubeba.

Na msiingize jiko hemani, liwe la mkaa au la gesi, kwa ajili ya joto la usiku. Linatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoshika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Nafasi zile nne zinajazwa na sumu. Kibaya zaidi, kimashine cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anakufa huku namba ikisoma vizuri.

Kikohozi chako. Hewa ya juu ni baridi na kavu, na unapohema kwa mdomo pua haipati nafasi ya kuipasha joto na kuilowanisha, kwa hiyo koo na mabomba ya hewa yanakauka na kuchubuka. Ongeza vumbi la njiani. Kikohozi cha namna hiyo hupungua siku hadi siku ukishashuka. Chako kimefika wiki ya tatu, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi lazima kipimwe kifua kikuu, hasa kwa mtu anayelala na wenzake wengi kwenye hema lililofungwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe Pasua au Hospitali ya Mawenzi wiki hii. Ikionekana inahitajika watakuelekeza Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambako kutibu kifua kikuu ndiyo kazi yao. Mweleze daktari mambo haya hata asipouliza: ulifika mwinuko gani, kama kikohozi kilianza ukiwa juu au baada ya kushuka, kama unatokwa jasho usiku, umepungua uzito, unapata homa au umewahi kuona damu kwenye makohozi, na kama kifua hubana au kupiga filimbi usiku, maana pumu nayo huanza hivyo. Usipande tena kabla hujapata majibu, na yule mwenzako wa hemani akianza kukohoa, mwende naye.